Meli iliyokalia tope: kazi iliyozaa msemo wa Bristol

Mwingereza akimaliza kupanga karakana yake, nyundo zimening'inia ukutani, misumari iko kwenye makopo, nyaya zimekunjwa moja moja, huenda akatamka kwa kuridhika kwamba sasa mambo yako “shipshape and Bristol fashion”. Anataka kusema kila kitu kiko mahali pake na kazi inaweza kuanza bila mtu kuhangaika kutafuta. Sehemu ya kwanza ya msemo ni ya meli kwa jumla: kitu kimekaa jinsi kinavyopaswa kukaa chomboni. Neno hilo lilikuwa vinywani mwa mabaharia tangu karne ya 17, na wengi leo huishia hapo. Sehemu ya pili inataja mji, Bristol, ulio magharibi mwa Uingereza, na humo ndimo ilimo kazi.

Wanaoutumia msemo huu mara nyingi hudhani unasifu usafi. Usafi umo, ila ni kidogo. Aliyezaliwa Lamu, Bagamoyo au Mkokotoni ataushika upesi kuliko mtu wa London, kwa sababu ameona jahazi limepwelewa, limelala juu ya mchanga na bahari imekwenda zake. Ameona pia linavyokuwa pale ambapo mzigo ulipangwa ovyo.

Bristol haiko ufukweni. Iko juu ya mto Avon, kiasi cha kilomita 11 kutoka mto huo unapomwagika kwenye mlango mpana wa mto Severn. Meli iliyotaka kufika mjini ilipita kwenye korongo la majabali na kona kali, ikivutwa na mashua za makasia na kusukumwa na maji yanayojaa. Mlango wa Severn nao umekaa kama faneli: mpana upande wa Atlantiki, mwembamba na wenye kina kidogo kadiri unavyoingia bara. Maji yanayosukumwa humo hayana pa kwenda ila juu. Pale Avonmouth, mdomoni mwa Avon, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupita mita 12, na mabamvua makubwa ya mwaka hukaribia 14. Hiyo ni miongoni mwa tofauti kubwa kabisa duniani. Kwetu Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, bamvua la kawaida ni kati ya mita 3 na 4.

Halafu maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na robo, na watu wa vyombo hukadiria kwa kugawa mteremko wote mafungu 12. Saa ya kwanza hushuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua la mita 3.6 litashuka sentimita 30 saa ya kwanza, 60 ya pili, 90 ya tatu. Ukichukua bamvua la mita 12, kila fungu ni mita nzima. Kwa hiyo katika saa ya tatu na ya nne maji hushuka mita 3 kila saa, yaani sentimita 5 kwa dakika. Baharia akishuka kula kwa nusu saa, akirudi anaikuta sitaha iko mita moja na nusu chini ya pale alipoiacha. Makadirio hayo hufaa baharini. Mtoni Avon maji hujaa kwa muda mfupi na kupwa kwa muda mrefu, kwa hiyo kujaa kwake ni kwa kasi zaidi ya hesabu hiyo.

Kabla ya mwaka 1809 gati za mjini Bristol hazikuwa na malango ya kuzuia maji. Meli ikifika, ikifungwa gatini, baada ya saa chache imekaa topeni, na mara ya pili siku hiyohiyo, na kesho yake tena. Meli iliyongoja shehena wiki sita ilikalia tope zaidi ya mara 80. Hakuna nahodha aliyeweza kuiona hali hiyo kuwa ni ajali. Ilikuwa ndiyo bandari yenyewe.

Sasa tazama kinachotokea pale maji yanapoondoka. Meli inayoelea imebebwa na maji kila upande. Mkuku, yaani ule mti mkuu wa chini unaopita urefu wote wa meli, ukigusa chini, sehemu ya uzito huhamia kwenye mkuku, na kila sentimita ya maji inayoondoka huongeza mzigo huo. Jambo ambalo asiyezoea halioni ni kwamba ardhi inapoisukuma meli kutoka chini, meli huwa kama iliyopunguziwa farumi, yaani uzito unaowekwa chini kuituliza. Uthabiti wake hupungua palepale. Wakati mbaya kuliko wote ni tangu mkuku unapogusa sehemu moja mpaka unapokaa chini wote. Mara nyingi tezi, yaani nyuma ya meli, ndiyo huzama zaidi, kwa hiyo hugusa kwanza, na kwa muda omo, yaani mbele, bado inaelea na kuyumba. Katika dakika hizo meli iliyonyooka wima kabisa haijaamua itaegemea wapi, na msukumo mdogo tu unatosha kuiamulia.

Ndiyo maana mabaharia hawaiachi ijiamulie. Meli inayotarajiwa kukauka kando ya gati hupewa mwegamo mdogo kuelekea gati kabla maji hayajaanza kushuka, nyuzi mbili au tatu, basi. Vitu vizito vya sitahani, nanga ya akiba au mapipa ya maji, husogezwa upande wa gati. Kamba hutolewa juu ya mlingoti na kufungwa nchi kavu. Ukizidisha mwegamo, mlingoti na kamba zake zitagonga ukuta wa gati, na ubavu mmoja utabeba uzito ambao haukujengwa kuubeba. Ukiuacha kabisa, meli inaweza kuangukia nje, na ikishaanza kuanguka hakuna kamba ya kuirudisha.

Hatari ya kwanza ni shehena kuhama. Meli ikiinama kidogo, kitu kisichofungwa hufuata upande uliolala. Kikifika huko huongeza mwinamo, na mwinamo huo huita vitu vingine. Baharini pia shehena huhama, lakini huko wimbi hurudi upande wa pili na kukupa nafasi. Topeni hakuna wimbi la kurudi. Meli hubaki imelala upande uleule saa 5 au 6, na kila kilicho legevu kina muda wa kutosha kutelemka.

Ya pili haina uhusiano na shehena kuhama bali na mahali ilipowekwa. Chini ya gati hapajasawazishwa. Pakiwa na kichuguu katikati, omo na tezi hubaki zinaning'inia na mgongo wa meli hupinda kuelekea juu. Pakiwa na shimo katikati, mgongo hushuka. Mpakiaji aliyerundika vitu vizito sehemu moja, tuseme chuma na risasi vyote chini ya mlingoti mkubwa, anaisaidia ardhi kuivunja meli. Mzigo mzito unatakiwa utandazwe, ukaribie mkuku, uachwe mbali na ncha zote mbili.

Halafu kuna kalafati. Mbao za ubavu zikibanwa na kuachiwa mara mbili kwa siku, pamba au nyuzi za kamba zilizoshindiliwa kati yake hulegea na kutoka. Meli ikiwa kavu huoni kitu. Maji yakirudi ndipo unasikia yanaingia ngamani, ndani ya tumbo la meli, na kama kisima cha pampu kimefunikwa na mizigo huna la kufanya. Tope lenyewe nalo hunyonya. Meli iliyolala ubavu kwenye tope laini inaweza kung'ang'aniwa wakati maji yanapanda, na maji yakaufikia mdomo wa ngama au dirisha la upande wa chini kabla tope halijaiachia. Kwa sababu hiyo, kufunga vifuniko vyote ni kazi ya kabla ya maji kupwa. Maji yakiwa yanajaa umeshachelewa.

Hapo ndipo upakiaji unapokuwa ufundi wenye masharti, na mfano mzuri ni mapipa, kwa kuwa Bristol iliishi kwa mapipa: divai ya Ureno na Uhispania, sukari na ramu ya Karibi, tumbaku ya Virginia. Pipa kubwa la sukari ghafi lilikuwa na uzito wa zaidi ya nusu tani. Likijiviringisha ngamani hakuna mtu wa kulizuia, na lina uwezo wa kuvunja taruma, yaani ubavu wa mti unaoshikilia mbao za meli.

Kanuni ya mapipa ilikuwa kizibo juu, tumbo huru. Kizibo cha pipa kiko ubavuni, kwenye sehemu pana, na ndipo linapovujia. Kikiwa juu kabisa, umajimaji haukigusi sana na karani anaweza kukikagua. Tumbo, yaani ile sehemu pana ya katikati, lisiguse kitu: si sakafu, si pipa jirani, si ubavu wa meli. Pipa lina nguvu karibu na vichwa vyake, ambako pete za chuma zimekaza na mbao za kichwa zimesimama kama ukuta kwa ndani. Katikati zipo mbao za ubavu tu zilizopindwa. Pipa likilalia tumbo, mbao hizo husukumwa ndani, pete hulegea, na baada ya wiki moja una pipa tupu na ngama inayonuka ramu.

Kwa hiyo kazi ilianza kwa kusafisha ngama na kuhakikisha njia za maji ya chini hazijaziba, maana takataka zilizobaki huenda moja kwa moja kwenye pampu. Kisha hutandazwa mbao na fito za kuinua mzigo, kama shubiri moja sakafuni na zaidi kwenye kona za ubavu, ambako maji machafu hupanda meli inapoinama. Juu yake huja vitanda vya mbao, kimoja karibu na kila kichwa cha pipa. Pipa hulazwa likielekea omo na tezi. Likilazwa kukingama, mwinamo wowote wa upande huligeuza gurudumu. Likishakaa hupigwa kabari nne, mbili kila kitanda, mpaka haliwezi kutikisika kwa kusukumwa na bega. Safu ya pili hukaa kwenye mabonde yaliyo kati ya mapipa ya safu ya kwanza, na uzito wake huishindilia ya chini. Mapengo ya pembeni hujazwa magogo, matawi, au vitu vidogo visivyoharibika.

Mapengo ndiyo huwaponza wapakiaji wengi mpaka leo, hata kwenye makontena. Mtu huona shehena imebana upande mmoja, akaridhika. Upande wa pili kuna nafasi ya kiganja. Nafasi ya kiganja inatosha pipa kuanza mwendo, na likishapata mwendo kabari hazilishiki.

Mpangilio wa juu na chini nao una mambo yake. Kizito chini ni sawa, lakini meli iliyowekewa chuma chote mkukuni hurudi wima kwa ghafla ikiwa baharini, hupiga mitikisiko mikali na kuvunja milingoti. Kwa hiyo sehemu ya uzito hupandishwa kidogo. Sukari ghafi hutoa maji matamu mazito, kwa hiyo haiwekwi juu ya kahawa au pamba. Tumbaku hunyonya harufu ya jirani yake. Juu ya yote kuna swali la bandari ya kwanza kufikiwa: mzigo wake uingie mwisho, uwe karibu na mdomo wa ngama. Masharti haya hugombana. Mzigo mzito wa bandari ya kwanza unataka kuwa chini kwa sababu ya uzito na juu kwa sababu ya zamu. Mpakiaji hodari hujulikana kwa namna anavyotatua ugomvi huo, na kwa kawaida uthabiti hushinda zamu: afadhali makuli wafanye kazi mara mbili bandarini.

Sitahani mambo ni ya wazi zaidi. Kila kamba ya tanga ina pini yake ya kufungwa, na ziada yake hukunjwa na kutundikwa juu ya pini hiyohiyo, kila mara kwa upande uleule, hata usiku wa giza mkono uijue. Mtumbwi, ndoo, masufuria ya jikoni, tochi za mafuta, vyote vifungwe. Kamba za gatini ni habari nyingine. Kwa kushuka kwa mita 12, kamba fupi ama hukatika ama huitundika meli ukutani. Kipimo kinachotumika na wengi ni urefu wa kamba usiopungua mara tatu ya tofauti ya maji, hapa mita 36, nazo zielekezwe mbali mbele na nyuma badala ya kushuka moja kwa moja kwenye gati. Hata hivyo lazima awepo mtu wa zamu wa kuzilegeza na kuzikaza. Hakuna fundo linalofanya kazi hiyo peke yake.

Watu wa majahazi wanayajua mengi ya haya kwa majina yao wenyewe. Jahazi likipelekwa pwani kupakwa deheni husogezwa maji yakiwa yamejaa, farumi na shehena zimepunguzwa, kisha hutiwa magadi, yaani miti ya kuliegemeza, pande zote mbili kabla maji hayajashuka vya kutosha kuliachia mkuku uzito. Chini ya kila gadi huwekwa ubao, maana gadi lililokanyaga mchanga mtupu huzama taratibu, na upande mmoja ukizama jahazi hufuata. Maji yakipwa mafundi hukwangua, hupiga kalafati panapovuja, hupaka mafuta na chokaa chini ya mstari wa maji, na wote huwa wanaangalia saa. Tofauti na Bristol ni kwamba pwani yetu nahodha huchagua siku ya kupwelewa, tena chombo kikiwa chepesi. Nahodha wa Avon alipwelewa na shehena yote ndani, apende asipende. Kwa hiyo meli za kule zilihitaji mbao nene na mataruma yaliyokaribiana, na kila kilicho ndani kikae kana kwamba maji yataondoka leo, kwa sababu yangeondoka leo.

Je, ndivyo msemo ulivyozaliwa? Maelezo ya tope ndiyo yanayosimuliwa zaidi, na ukiwa Bristol utayasikia kwa kila mtembeza wageni. Lakini maandishi ya zamani yanaelekea kwingine kidogo. Richard Henry Dana, Mmarekani aliyefanya kazi ya ubaharia kati ya 1834 na 1836, aliutumia msemo huu katika kitabu chake cha mwaka 1840 akiisifu meli ya Marekani. Sifa aliyoitoa ni kwamba haikuwa na mapambo ya kuwafurahisha watu wa nchi kavu, ila kila kitu kilikuwa sawa: hakuna kutu, hakuna kamba iliyolegea, hakuna ncha ya kamba inayopepea juu. Halafu kuna kamusi ya maneno ya mabaharia ya Amiri William Henry Smyth, iliyochapishwa 1867. Yeye anaueleza kuwa ni msemo wa enzi Bristol ilipokuwa imestawi kibiashara, Liverpool haijaanza kuisumbua, na meli zake zote ziko katika hali njema. Maji kupwa hayataji hata kidogo.

Kwa maoni yangu maelezo hayo mawili hayapingani. Sifa ya meli za Bristol haikutoka hewani. Mji ambao bandari yake humkagua kila nahodha mara mbili kwa siku lazima utoe watu wenye tabia fulani ya kufunga mizigo, na tabia hiyo huonekana wakiwa Jamaica au Lisbon ambako hakuna tope. Smyth alieleza sifa. Tope linaeleza chanzo chake. Lakini anayesema kwa uhakika kwamba msemo ulibuniwa gatini siku fulani anauza hadithi.

Neno la Smyth kuhusu kustawi halifai kupitwa kimyakimya. Bristol ilistawi katika karne ya 18, na sehemu kubwa ya ustawi huo ilikuwa biashara ya utumwa. Kuanzia 1698, ukiritimba wa kampuni ya kifalme ya London ulipovunjwa, hadi biashara hiyo ilipopigwa marufuku 1807, meli za Bristol zilifanya zaidi ya safari 2,000 za kwenda Afrika Magharibi kuchukua watu. Miaka ya 1730 mji huo uliipita hata London. Ufundi uleule wa kutopoteza nafasi ya kiganja ngamani ulitumika kuwapanga binadamu waliofungwa minyororo. Mwaka 1787 Thomas Clarkson alikwenda Bristol kukusanya ushahidi, akawapata mabaharia wa kumsimulia kwenye kilabu cha Seven Stars. Meli walizozieleza zilikuwa za ule mji uliosifiwa kwa mpangilio.

Liverpool aliyoitaja Smyth iliishinda Bristol kwa kitu cha kifundi kabisa: mwaka 1715 ilifungua gati lenye malango, maji yakibaki ndani bahari ikipwa, meli zikielea muda wote. Wafanyabiashara wa Bristol walibishana kuhusu gharama karibu karne nzima. Hatimaye kazi ikaanza Mei 1804 chini ya mhandisi William Jessop. Aliuziba mto wa zamani kwa malango na kuugeuza bwawa, akachimba mfereji mpya kusini mwa mji wa kupitishia maji ya kujaa na kupwa. Kazi ilikamilika tarehe 1 Mei 1809. Vibarua 1,000 wakafanyiwa karamu ya ng'ombe wawili wa kuchoma mzimamzima na galoni moja ya bia kali kwa kila mtu. Bia ilipokwisha Waingereza na Waayalandi wakapigana mpaka ikabidi wazimwe kwa nguvu. Karamu hiyo, angalau, haikupangwa kwa mtindo wa mji.

Kwa hiyo Dana na Smyth walipouandika msemo huu, meli zilizokuwa gatini Bristol zilikuwa zikielea kwa miongo kadhaa. Bwawa liliondoa tope gatini, ila si mtoni. Novemba 1851 meli kubwa ya mbao, Demerara, iliyojengwa hapo Bristol, ilivutwa kushuka Avon ikienda Scotland kufungwa injini. Ilikwama korongoni, maji yakapwa, ikabaki imekingama bila kitu chini ya sehemu ya mwili wake. Ilipoelea tena muundo ulikuwa umepinda. Haikupata injini zake; ilikarabatiwa ikawa meli ya matanga. Haikuwa na shehena iliyopangwa vibaya. Kilichoivunja ni urefu wake, na chini pasipo sawa.

Anayekausha chombo siku hizi, iwe Bristol au Bagamoyo, ana jambo moja ambalo mara nyingi hukosewa, nalo ni siku. Watu huchagua kilele cha bamvua kwa kuwa maji hujaa juu kabisa na chombo hufika mbali ufukweni. Kesho yake maji hujaa kidogo kuliko leo, keshokutwa kidogo zaidi, na chombo kilichowekwa kwenye alama ya juu kabisa hakifikiwi. Kinangoja bamvua lijalo, kama siku 14 baadaye, na kama bamvua hilo ni dogo kuliko lililopita, kinangoja tena. Siku nzuri ni mbili au tatu kabla ya kilele, maji mafu, yaani siku za kujaa kudogo, yakiwa yameshapita na kila kujaa kukiwa kukubwa kuliko kulikotangulia. Hesabu pia kwamba kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo chombo kilichopanda ufukweni saa 10 alasiri leo, kesho kitaelea karibu na saa 11 kasorobo, na jioni ya siku ya tatu kazi ya kukitoa itafanyika giza likiingia. Taa, kamba ya nanga iliyotupwa upande wa bahari na watu wa kuivuta viwe tayari kabla mkuku haujaguswa na maji.